Haijatembea, Lakini Imelala Miaka Mingapi?

Kuna neno moja ambalo dalali wa magari akilitamka, mpenzi wa magari ya zamani hulegea: haijatembea. Nililisikia tena mwaka jana kwenye simu. "Kaka, nina Pijo 504 huku pwani, ya mzee mmoja, haijatembea. Elfu thelathini na moja tu. Ikifika mjini haimalizi wiki." Bei aliyotaja ilikuwa shilingi za Kenya 1,200,000. Mwaka huohuo nilikuwa nimeona 504 mbili za saluni, zile za kawaida za milango minne, zinazowaka na kwenda kazini kila siku, zikibadilisha wenyewe, moja kwa laki nne na nusu na nyingine kwa laki tano. Kwa hiyo lile neno moja lilikuwa linauzwa kwa takriban laki saba. Nilitaka kujua laki saba hizo zinanunua kitu gani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Namba iliyo kwenye dashibodi ni dai la muuzaji, na dai halilipiwi mpaka lipate shahidi. Hata likipata shahidi, kuna deni la pili la kukatwa: miaka ambayo gari lilikaa bila kutembea. Wanunuzi wengi wa huku hulipia lile la kwanza kwa kulisoma tu kwenye kioo cha spidi, na la pili hulikuta gereji, wakiwa wameshatoa hela.

Muuzaji naye ana haki yake, tuanze nayo. Gari lililotembea kidogo kweli lina vitu ambavyo pesa hairudishi kirahisi. Silinda hazijalika, giaboksi haijachoka, viti bado ni vya kiwandani, na rangi ni ile ya kwanza. Septemba 2013, katika mji mdogo wa Pierce, jimbo la Nebraska huko Marekani, yalipigwa mnada magari yapatayo 500 ya mzee Ray Lambrecht, aliyekuwa wakala wa Chevrolet kwa miaka 50. Magari mapya yaliyokosa wanunuzi alikuwa hayauzi kwa hasara. Aliyaweka tu, mengine ndani ya jengo, mengine nje kwenye miti. Makumi ya magari hayo yalikuwa hayajatimiza hata maili 20. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958, yenye maili 1.3, ilikwenda kwa dola 140,000, ingawa paa lake lilikuwa limebonyea na kioo cha mbele kina ufa. Aliyelipa hakuwa mjinga. Hadithi ya pikapu ile haikuwa na pengo hata moja: ilitoka kiwandani, ikafika kwa Lambrecht, ikakaa hapohapo hadi siku ya mnada.

Sasa weka kando yake gari jingine. Tarehe 15 Juni 1957, mji wa Tulsa, Oklahoma, ulizika Plymouth Belvedere jipya ndani ya chumba cha zege, kwenye uwanja wa mahakama, ili lifukuliwe baada ya miaka 50. Wananchi walialikwa kubashiri mji utakuwa na watu wangapi mwaka 2007. Atakayekaribia zaidi angelipata gari. Juni 2007 walilinyanyua mbele ya umati. Maji yalikuwa yameingia chumbani siku nyingi, na kilichotoka ni umbo la gari lililofunikwa kutu na tope. Mshindi mwenyewe alikuwa ameshafariki, gari likaenda kwa jamaa zake.

Magari yote mawili yalikuwa karibu hayajatembea kabisa. Moja lililala chini ya paa, jingine lililala ndani ya maji. Ndiyo maana siku hizi dalali akinitajia kilomita, swali langu la kwanza ni hili: limelala wapi?

Kwetu swali hili lina uzito wa pekee. Gari lililolala miaka kumi Nanyuki au Iringa si sawa na lililolala mita mia tatu kutoka ufukweni Kilifi, Tanga au Unguja. Kutu ya chumvi haianzi pale jicho linapoiona. Huanza ndani ya vizingiti vya milango, chini ya mpira wa kioo cha mbele, chini ya zulia la buti, kisha ndiyo hutoboka nje kama kipele kidogo kwenye rangi. Ukikiona kipele, ujue ndani chuma kimeshakuwa karatasi. Mimi hutembea na sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa laini. Naipitisha polepole chini ya milango na juu ya matairi. Inapogoma kushika, hapo kuna puti, na chini ya puti kuna shimo ambalo mtu alilificha.

Nikaenda kuliona. Banda la mabati nyuma ya nyumba, minazi miwili, na ndani yake 504 ya rangi ya maziwa imefunikwa turubai. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu, mjane wa mwenye gari. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda nikae karibu na mlango wa dereva. Kile kigoda kilinisaidia kuliko tochi, kwa sababu ukikaa chini unaona pedali.

Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika upande wa kushoto hadi chuma kimejitokeza, na chuma chenyewe kinang'aa. Mguu wa mtu hauli mpira namna ile kwa kilomita 31,000. Duara la usukani lilikuwa laini kama kijiko cha mbao cha zamani, hasa pale mkono wa kulia unaposhikilia. Niliufungua mlango wa dereva nusu, nikaunyanyua taratibu kwa vidole. Ukapanda kidogo na kushuka, dalili kwamba bawaba zimechoka kwa kufunguliwa. Nikakaa ndani na kukitazama kioo cha mbele dhidi ya jua la saa kumi. Kilijaa vinukta vya changarawe, vile vidonda vidogo ambavyo huwezi kuviona mchana wa saa sita.

"Mzee alikuwa na mguu mzito," dalali akasema nyuma yangu.

Odometa ilisomeka 31,408. Ilikuwa na tarakimu tano, kama zilivyokuwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, na hapa ndipo watu wengi huumia. Odometa ya tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi 00,000 na kuanza upya. Hakuna aliyeichezea, hakuna aliyedanganya. Hiyo 31,408 inaweza kuwa yenyewe, inaweza kuwa 131,408, inaweza kuwa 231,408, na kioo hakitakwambia. Nilizitazama skrubu za dashibodi: vichwa vyake havikuwa na mikwaruzo ya bisibisi, na tarakimu zote zilikuwa zimekaa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo niliamini haijawahi kufunguliwa. Pedali zikanieleza yaliyobaki: imezunguka, walau mara moja.

Mara ngapi? Hilo lilijibiwa na mkebe wa biskuti. Mama aliingia ndani akatoka nao, akaufungua mapajani. "Marehemu alikuwa haweki mafuta bila kuandika," akasema. Ndani mlikuwa na risiti, vibandiko vya bima vya miaka na miaka, na daftari la shule lenye kava la buluu. Kila mstari una tarehe, lita, bei na namba ya odometa, tangu 1981 gari lilipotoka dukani. Penye mafuta ya injini kubadilishwa kuna alama ya nyota. Nilifunua kurasa nikitafuta pale nilipojua patakuwepo, nikapakuta Machi 1996: mstari mmoja unasema 99,871, unaofuata unasema 00,214, na pembeni, kwa kalamu nyekundu na mkono uliotulia, "imezunguka".

Kwa hiyo kilomita zake halisi ni 131,408. Mstari wa mwisho ni wa 2003, mwaka mzee alipougua. Nikachungulia tairi. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Hizi zilisomeka 0902, yaani wiki ya tisa ya 2002. Daftari na tairi vilikuwa vinasema kitu kimoja.

Dalali alidhani biashara imekufa. Mimi nililiona gari limepanda thamani machoni pangu. Kilomita 131,408 zilizoandikwa kwa mkono kwa miaka 22, pamoja na nyota za mafuta ya injini, ni bora kuliko kilomita 31,408 zisizo na shahidi, na ningelipia zaidi bila kusita. Ile ya kwanza inanieleza gari limetunzwa vipi, limefanya safari za aina gani, limekunywa mafuta kiasi gani na lini lilianza kuyanywa kupita kawaida. Ya pili ni namba tu. Na siku nitakapouza mimi, mnunuzi wangu ataniuliza lilelile swali, nami nitakuwa na cha kumwonyesha.

Walioko Uingereza wana wepesi kidogo upande huu. Historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, pamoja na maili za kila mwaka, husomwa mtandaoni bure kuanzia kumbukumbu za 2005. Lakini hata huko, tangu 2018 magari mengi yaliyovuka miaka 40 yamesamehewa ukaguzi, hivyo rekodi inaweza kukatika pale mnunuzi anapoihitaji zaidi. Huku kwetu rekodi ni mkebe wa biskuti. Ukienda kununua gari la zamani, uliza mkebe kabla hujauliza bei.

Ikaja zamu ya usingizi. Gari lilikuwa halijawashwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Fundi niliyekwenda naye amezifungua Pijo tangu zile enzi za Pijo za abiria, zile ndefu zenye viti safu tatu. Dalali alikuwa amekuja na betri na dumu la petroli, tayari kuliwasha ili lijiuze lenyewe. Fundi akaliondoa dumu na kuliweka nje ya banda. "Ukiliwasha hivi, umelinunua," akaniambia. Alifungua plagi zote nne, akadondosha mafuta kidogo ndani ya kila silinda, akaacha yanywe kwa nusu saa, ndipo akashika boliti ya krenki kwa spana na kuivuta kwa mkono. Injini ilikataa mara ya kwanza. Ya pili ikajongea, kama mtu anayegeuka kitandani.

Mnunuzi aijue hesabu ya ndani ya gari lililolala, maana ndiyo inayokula zile kilomita chache. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu ule hutafuna silinda za breki kwa ndani huku nje zikionekana nzima. Petroli iliyolala huacha ulimbo ndani ya kabureta, na tangi lenye nafasi tupu hujiotea kutu juu ya mstari wa mafuta. Sahani ya klachi hushikana na flaiwili. Sili za mpira hukauka, kisha injini ikipata moto huanza kuvuja kila upande, na mwenye gari hudhani fundi ndiye aliyeharibu. Kwa 504 kuna la ziada: silinda zake ni slivu zinazochomekwa ndani ya bloku, maji yakizizunguka, na kichwa chake ni cha alumini. Maji machafu yaliyokaa humo miaka ishirini hula alumini na kudhoofisha sili zilizo chini ya slivu. Ukikuta mafuta ya injini yana rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Ya kwetu yalikuwa meusi na mazito, lakini safi kwa maana hiyo, na hapo fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Tulikaa chini ya mnazi tukapiga hesabu kwenye karatasi. Tairi nne, breki zote pamoja na mabomba ya mpira, tangi na kabureta, rejeta na pampu ya maji, klachi na sili za injini, waya zilizoguguniwa na panya, kutu ya sakafu upande wa abiria, na kulibeba gari hadi gereji. Ilifika shilingi 436,000. Nikaongeza theluthi moja kwa yale ambayo hayajaonekana, kwa sababu kila gari lililolala lina kitu kimoja kinachosubiri ufungue ndipo kikuonyeshe. Ikawa 581,000.

Upande wa pili nikaandika bei ambayo gari likishakamilika ningeweza kuliuza kwa mtu anayelijua: laki tisa na nusu. Hapa lazima nieleze namba hii imetoka wapi, maana wengi huiokota mtandaoni. Marekani na Uingereza kampuni kama Hagerty huchapisha bei za magari ya zamani kwa madaraja manne, la kwanza likiwa la gari lisilo na kasoro na la nne likiwa la gari linalotembea lakini lina dosari za wazi. Watu huku huchukua bei ya daraja la pili, huigeuza kuwa shilingi, na kuibandika kwenye gari lililolala. Gari lisilowaka haliko hata kwenye daraja la nne. Isitoshe, bei ya huko inategemea aina. 504 za kupe, yaani za milango miwili, na zile za paa la kukunja, zilizojengwa na Pininfarina, husakwa sana Ulaya. Saluni ni jambo jingine, kwa kuwa Peugeot ilitengeneza 504 zaidi ya milioni tatu. Dalali aliponikumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 kwa kupe ya V6 ya Jean-Pierre Nicolas, nilimjibu kwamba nafahamu na ninajivunia, lakini gari la mzee huyu lilikuwa likienda sokoni na kanisani.

Kuna jambo moja linalopandisha bei kwetu kihalali, na ningependa wauzaji wangelitumia badala ya neno lao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka 15. Maana yake, 504 zilizopo nchini ndizo hizo zilizopo. Ziliunganishwa Kenya hadi 2004, zaidi ya miaka ishirini baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake, kwa hiyo spea na mafundi bado wapo, ila idadi inapungua kila moja inapokwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Uhaba wa aina hii ni thamani ya kweli. Unaishi ndani ya gari zima lenye injini yake ya kuzaliwa nayo, rangi yake, na karatasi zake.

Na karatasi zenyewe nisizipite haraka. Namba ya injini na ya chesisi nilizilinganisha na logibuku, zikakubaliana. Lakini jina lililoandikwa ni la marehemu, na gari la marehemu bila hati ya usimamizi wa mirathi haliwezi kuhamishwa jina, hata likiwa na kilomita sifuri. Nimemwona mtu aliyenunua Mercedes nzuri ya urithi kwa makubaliano ya mdomo; watoto walikosana, gari likakaa miaka sita bila kuhama jina, likaoza mbele ya macho yake. Mama alikuwa na hati zote, zimefungwa kwa uzi ndani ya mkebe uleule.

Laki tisa na nusu, toa 581,000. Inabaki 369,000. Nikamwambia mama laki tatu na sabini, nikampa karatasi ya hesabu aisome mwenyewe, pamoja na fundi amweleze kila mstari. Aliisoma kwa miwani, polepole, akauliza maana ya slivu. Dalali alisema kuna mtu Nairobi atatoa milioni. Mama akamwuliza mtu huyo yuko wapi. Tukakubaliana laki nne. Thelathini elfu za juu nilizitoa kwa ajili ya rangi: chini ya vumbi ilikuwa ile ya 1981, imefifia kwenye boneti na kukwaruzika mlango mmoja, na sina nia ya kuipiga upya. Dalali alishauri niipake rangi mpya ili "ikae kama gari". Gari likipakwa rangi mpya, anayekuja kununua hawezi tena kujua chuma cha chini kikoje, na ushahidi wote niliousoma mimi siku ile, mnunuzi mwingine angeukosa.

Ilibaki daftari. Niliomba lije pamoja na gari, na kwa haki ya biashara lilistahili kuja. Nusu ya nilichokuwa nanunua ilikuwa humo. Mama alilishika mikononi akafungua ukurasa wa mwisho, ule wa 2003, ambao mwandiko unaanza kutetemeka. Akasema gari nichukue, lakini mwandiko huo ndio alionao. Sikupunguza bei. Nilikaa kwenye kile kigoda nikapiga picha kurasa zote, moja baada ya nyingine, akinifunulia, kisha akalirudisha ndani ya mkebe wa biskuti na kuufunika.